Nyasi za Wageni Miembeni

Enzi zetu kule Ijumbi, mgeni alijulikana kabla hajafika. Ukiamka ukakuta Mama amekwenda kukata nyasi, ujue kuna mtu anakuja. Alizitandaza sakafuni mbichi, nene, nyumba ikanukia kama shamba lililonyeshewa, nasi watoto tukabingirika humo mpaka tuchapwe. Mgeni akiketi, kwanza alipitishiwa kijikapu cha kahawa za kutafuna, ndizi zikifuata. Na ole wako udondoshe ganda juu ya nyasi zile! "Unamtupia mgeni taka?" Mama aling'aka, hata kama mgeni mwenyewe bado yuko njiani.

Sasa Mama ni mzee, nimemchukua niishi naye hapa Bukoba mjini, Miembeni, nyuma ya maduka. Vyumba viwili, ua hakuna. Alishinda amekaa kwenye ngazi, wapita njia wakimruka. Mwezi haukuisha akafunga kanga zake kwenye mfuko. "Waitu, mwanangu, nirudishe Ijumbi. Huku mtu hana pa kukaa akasalimiwa." Lakini Ijumbi hakuna aliyebaki wa kumpikia hata uji. Niliumia, kisha nikakasirika, na hasira zangu zikaishia kwenye kiwanja kilicho mbele ya ngazi zetu, jalala la mtaa mzima tangu nihamie.

Nikamfuata jirani yangu Bi Zuhura, muuza vitumbua. Tukaomba ruhusa kwa mwenyekiti wa mtaa, tukazoa taka, tukasimika kibao: USITUPE TAKA HAPA. Asubuhi tukazikuta zimerundikwa chini ya kibao chenyewe. Tukazoa tena. Zikarudi tena.

"Mama Koku, hawa watatushinda," Bi Zuhura akasema.

"Hawatushindi," nikamjibu, ingawa sikujua nitafanya nini.

Usiache mila, wazee walisema. Nikaenda Maruku kwa shemeji yangu, nikakata nyasi, nikazileta kwa guta, nikazoa taka mara nyingine na kuanza kuzitandaza kiwanja kizima. Mama aliniona kutoka kwenye ngazi, akapandwa na ghadhabu. "Nyasi za wageni unazitandika jalalani?" Nikaendelea. Akatazama weee, akashindwa kuvumilia, akateremka. "Sogea huko. Unatandaza kama unalisha ng'ombe." Akainama akatandaza mwenyewe.

Asubuhi nilichungulia dirishani. Alikuja mwanamke na ndoo ya maganda ya ndizi, akafika ukingoni mwa nyasi, akasimama. Akaangaza huku na huku kama mtu aliyeingia nyumba ya watu bila hodi, akageuka na ndoo yake. Nilicheka peke yangu, machozi yakinitoka.

Leo pana mabenchi. Jioni Bi Zuhura huleta vitumbua, Mama kijikapu chake. Vijana nao wanakuja, Mungu awabariki. Wakikaribishwa huuliza kwanza kama pana intaneti, kisha huvipiga picha vitumbua mpaka vipoe.

Nyumba zetu siku hizi zina vigae, na mgeni hupiga simu akiwa tayari mlangoni. Zamani kila nyumba ilikuwa na sakafu inayomngoja mtu. Sisi tumebaki na hii moja ya mtaa mzima, na nyasi zikikauka nakwenda kukata nyingine, mvua inyeshe isinyeshe.

Juzi niliukuta ule mfuko wa Mama juu ya kabati, hauna kitu. Kanga zote ziko nje, amewatandikia waliokosa benchi.