Ini la Wifi Bluma

Wifi yangu Bluma Zelkind anaendesha basi la shule hapa Winnipeg, kwenye theluji na pasipo theluji, na hajala nyama tangu akiwa msichana mdogo. Mawifi wengine hawaivi chungu kimoja. Mimi wangu namjivunia waziwazi, na asiyependa kusikia njia nyeupe.

Kilichomtoa kwenye nyama ni kuku. Kwao walikuwa na bucha, ya baba yake na mdogo wa baba yake, Ami Getzel. Kila mkesha wa Siku ya Upatanisho, siku yetu Wayahudi ya kutubu, watoto wa nyumba ile walizungushiwa kuku juu ya kichwa, dua ikasomwa, kisha kuku akapelekwa kisuni abebe dhambi za mtoto. Mwaka mmoja Bluma alipopewa wake alimkumbatia, akakimbia naye chooni, akajifungia.

"Dhambi ni zangu mimi!" alipiga kelele kutoka ndani. "Kuku amekosa nini?"

Mama yake ndiye aliyeumaliza ugomvi. Alitoa sadaka kwa maskini badala ya kuku, jambo ambalo dini inaliruhusu, na yule kuku akazeeka akitaga mayai nyuma ya bucha. Ami Getzel hakusahau. Tangu siku ile Bluma akawa "wakili wa kuku," hata mbele ya wageni.

Mama huyo alipofariki, Bluma alirithi nyumba, na pamoja na nyumba ile meza ndefu ambayo ukoo mzima hukutana usiku wa Pasaka. Ami, ambaye sasa ndiye mkubwa wetu, alimpigia simu.

"Nitakuja mwaka huu nione," alisema. "Nikitoka hapo na njaa, mwakani Pasaka inahamia kwangu. Sikukuu gani haina nyama? Hata msibani watu wanakula vizuri zaidi, mwanangu."

Bluma hakulia. Ila nilimkuta anaifuta meza ya mama yake, na ilikuwa safi tayari.

Kibaya zaidi, sisi ambao wazee wetu walitoka Ulaya Mashariki hatugusi maharage, dengu wala mchele siku za Pasaka, achilia mbali mkate wenye chachu. Sasa mtu asiyekula nyama, ukimnyang'anya na maharage, ale matofali? Mume wangu alimshauri dada yake apike japo kuku mmoja, wa kumziba Ami mdomo.

"Mnunue wewe," Bluma alimjibu, "umpike kwako, umle kwako."

Ami alifika jua halijazama, akakung'uta theluji viatuni, akatoa mfukoni shingo ya kuku iliyochomwa, imefungwa vizuri kwenye karatasi.

"Ya sinia hii," alisema. Kwenye sinia ya Pasaka huwekwa mfupa, ukumbusho wa wanakondoo waliochinjwa usiku wa kutoka Misri. Kwenye sinia ya Bluma, mahali pa mfupa, palikuwa na bitiruti ya kuchoma.

"Hii ni nini?"

"Bitiruti, Ami. Walimu wetu wa kale waliikubali. Imo kwenye Talmudi, kamuulize rabi."

"Tulitoka Misri kwa damu, binti yangu, siyo kwa kachumbari!"

"Kwani hiyo haina damu? Ishike uone."

Akaishika. Vidole vyake vikawa vyekundu hadi kwenye viungo. Aliikodolea macho mikono yake, akarudisha ile shingo mfukoni na kukaa, amenuna.

Tukasoma habari za kutoka Misri, tukaimba, tukanywa divai. Wakati wa kula ulipofika, Bluma alileta bakuli la kwanza, rojo zito la rangi ya kahawia la kupaka kwenye matza, mkate wetu usio na chachu. Ami akapaka, akatafuna, akaacha kutafuna. Kisha akaniinamia sikioni.

"Perl, umeona? Ameshindwa! Hili ni ini la kuku, tena limekaangwa kwa mafuta ya kuku. Usimwaibishe mwenzio, nyamaza."

Nikanyamaza, nimejiuma mdomo. Akaongeza, akaongeza tena, akalifuta bakuli kwa kipande cha mwisho cha matza huku akituangalia kama mtu aliyeshinda uchaguzi.

Ndipo Bluma akaingia na chombo kikubwa kutoka jikoni: viazi na biringani, na juu yake jibini inachemka. Ami akaruka, kiti kikaanguka nyuma yake, maana dini yetu hairuhusu nyama na maziwa katika mlo mmoja.

"Bluma! Unataka kunilisha haramu uzeeni? Nimekula ini sasa hivi, unaniletea jibini? Nyama na maziwa mezani kwa marehemu mama yako!"

Bluma alisimama na chombo chake mikononi. "Ini gani, Ami?"

"Hili!" Akainua bakuli tupu. "Nimeuza ini maisha yangu yote, utanidanganya mimi?"

"Ni uyoga," alisema Bluma taratibu. "Uyoga, lozi, mayai, na vitunguu vilivyokaangwa mpaka vikakaribia kuungua."

Mume wangu akaanza kukohoa kikohozi cha uongo. Ami akanigeukia.

"Wewe ulijua?"

"Uliniambia ninyamaze, Ami."

Hapo hakuna aliyeweza kujizuia tena. Ami hakucheka. Alikwenda jikoni peke yake, tukamsikia akifunua masufuria, akanusa kikaango, akarudi na kitunguu cheusi kidoleni, akakilamba. Akakiinua kiti chake mwenyewe, akasogeza sahani.

"Weka hiyo jibini," alisema.

Nyimbo za mwisho zilipokwisha, hakuna aliyethubutu kuuliza habari za mwakani. Ami alivaa koti bila haraka. Bluma alimshikia mlango, na niliona jinsi vidole vyake vilivyoung'ang'ania ubao.

"Mwakani," Ami akaanza, akatafuta kofia. "Mwakani niite mapema. Nije kukumenyea vitunguu."

Nilijisikia kama nimezaa mimi. Ami alimshika Bluma shavu kwa ile mikono yake ambayo bado ilikuwa na rangi ya bitiruti.

"Usiku mwema, wakili," alisema. Kuku hakumtaja.