Nilivyouziwa kirikuu cha watu msibani Kisarawe, nusura nipigwe tofali

Wakuu, habari za mida hii.

Mimi si mwandishi, ni darasa la saba la zamani, mtanisamehe nikipinda. Ila hiki kimenipata mwenyewe, sijasimuliwa. Na majina nataja, nimechoka kuwasitiri wezi.

Naishi Kibaha, Sofu. Nauza viazi na vitunguu. Usafiri wa kukodi unanimaliza, faida yote inaishia kwa mwenye gari.

Mama Neema, mke wangu, akakubali tuuze kiwanja chetu cha Mbwawa tutafute kirikuu, kale kagari kadogo ka mizigo. Alikubali shingo upande, kumbukeni hilo.

Nikaingia mtandaoni kwenye kundi la magari used. Nikakuta kirikuu cheupe, bei tamu. Muuzaji anajiita Beka Magari.

Nikamwambia hela yenyewe nimeuza kiwanja, sitoi hata mia kabla sijaiona gari. Si ndiyo tunavyofundishana humu?

Akacheka. "Njoo brother, uione na uiendeshe. Ila nina msiba wa baba mkubwa huku Kisarawe, utanikuta hapo hapo."

Nikamuamini. Tapeli gani anakuita kwao, tena msibani?

Nikakatia Kiluvya na boda. Kweli turubai lipo, wazee kwenye mikeka, kirikuu kile kile cheupe kimepaki pembeni. Beka kavaa balaghashia, anapokea wageni kama mwenyeji. Nikatoa pole, nikatoa na rambirambi.

Akaninong'oneza, "Brother, biashara tusiongee kwa sauti, wafiwa watatuonaje?"

Nikashusha sauti. Wewe ungepaza?

Mama mmoja akaita kutoka jikoni, "Jamani, maji yameisha huku!" Beka akachukua funguo. "Twende tukachote, ndiyo test drive yako hiyo."

Nikaendesha mwenyewe. Gia laini, injini imetulia. Tuliporudi nikashusha madumu mpaka jikoni, jasho linanitoka, moyoni bwana harusi.

Muda wote simu ya Beka inaita. Eti mteja wa Chanika yuko njiani na hela mkononi. "Tuma hiyo ya kiwanja, nyingine utamalizia ukishika kadi ya gari."

Nikataka kutuma kwa simu, jina la mpokeaji likaja Zuwena. Nikauliza. "Mke wangu huyo brother, laini yangu ina shida."

Nikatuma.

"Kaa kwenye gari, nakuletea kadi." Akazunguka nyuma ya nyumba.

Nikakaa weee. Mara mzee mmoja akatoka turubaini, anakuja moja kwa moja.

"Wewe bwana, unataka kwenda wapi na gari yangu?"

"Nimeinunua mzee, kwa Beka."

"Beka gani?"

Wakuu, napiga simu ya Beka, haipatikani. Vijana wakasogea, mmoja akanikwida shati. Nyuma nikasikia, "Mwizi wa msibani huyo!" Nikamuona mtu anaokota tofali.

Nilichowaza ni kimoja: Mama Neema ataambiwa nimekufa nikiiba.

Aliyeniokoa ni yule mama wa jikoni. Alikuja na mwiko mkononi. "Muacheni! Mwizi gani anawabebea maji? Huyu kashusha madumu na mimi namuona. Mwenzie yule ndo sijui wa nani!"

Hapo ndo wakaanza kuulizana. Ukoo wa baba walidhani Beka ni wa ujombani. Wajomba walidhani ni wa kwa baba. Gari mzee kaitoa kwa ajili ya shughuli, funguo anashika yeyote anayetumwa; hata picha za mtandaoni nadhani Beka alizipigia hapo hapo. Msibani nani anakuuliza wewe nani?

Mzee mwenyewe alinipeleka polisi kuripoti. Njiani akaniambia, "Mdogo wangu, ungeuliza tu kwa sauti gari ya nani, ningekujibu."

Basi wakuu, kuiona gari haitoshi, hata kuiendesha haitoshi. Uliza waliopo, tena wote wasikie. Jina la kwenye kadi, la kitambulisho na la anayepokea hela yakipishana, ondoka, hata kama kuna jeneza.

Mimi niliona haya mbele ya wafiwa. Beka hakuona haya mbele ya maiti.

Nyumbani nilimsimulia Mama Neema mpaka mwisho. Hakulia. Aliuliza tu, "Kwa hiyo rambirambi ulitoa?"

Nikasema nilitoa.

"Vizuri. Maana marehemu ni kiwanja chetu."

Anayemjua Beka Magari au huyo Zuwena amtaje hapa hapa, hadharani. Inbox msinifuate, mambo ya kunong'onezwa nimeyakoma. Na kama nawe ulishaonyeshwa gari ya watu, weka kisa chako tujifunze.