Sumu Chini ya Mibuni

Nyatichi alilisha kondoo wake chini ya mibuni, palepale alipopuliza dawa ya shaba ya kuzuia ukungu wa kahawa, na kwa miaka miwili walinona. Kiangazi cha 1997 aliwaswaga kutwa nzima hadi soko la Ntimaru. Njiani wakakojoa damu, macho yakageuka manjano, wakafa wote sita. Kanisani, mbele ya waumini wenzake, akamwita jirani yake Boke mchawi aliyewaroga.

Daktari wa mifugo akapasua ini la mmoja wao. "Mama, ni shaba ya dawa yako. Ilijikusanya humu kidogo kidogo. Njaa na safari ndivyo vilivyoimwaga kwenye damu."

Nyatichi akaenda kuomba msamaha.

"Watoto wangu sasa wanaitwa wa mchawi," Boke akasema, akafunga mlango.