Mtunza Bohari Aliyekataa Kutia Sahihi

Juma lililopita nilikuwa Majengo nikinunua betri za redio. Muuza duka akaniambia, huku akinihesabia chenji, kwamba yule mama aliyeunguza kompyuta za ofisi amefariki na anazikwa kesho Mollo. Alisema kwa upole kabisa, kama mtu anayemtambulisha marehemu kwa kutaja kijiji chake. Nikamuuliza hayo ameyajulia wapi. “Kila mtu anajua, mwalimu,” akajibu. Mimi si mwalimu, lakini katika mji huu mtu aliyesoma chuo kikuu na hana duka lazima awe mwalimu. Niliondoka bila kumsahihisha, wala kuhusu ualimu wala kuhusu marehemu. Tangu hapo nina hasira, na mtu pekee anayestahili kuipokea ni yule ninayemnyoa ndevu kila asubuhi.

Marehemu alikuwa mtunza bohari wa ofisi moja ya umma hapa mjini, miaka ile ya ruksa, biashara huria ilipoanza, wakati mimi ni ofisa mdogo mwenye tai ndefu. Kabla ya hapo alitunza mbolea za ushirika mpaka ushirika ukafa. Huko alijifunza kutoamini macho. Gunia alilifungua, akashika, akanusa. Boliti zikija, alijaribu nati moja moja. Madereva walimchukia. “Mama, lori linaondoka, tia sahihi basi,” walikuwa wakimwambia, naye hujibu bila kuinua kichwa: “Liondoke. Sahihi yangu haina magurudumu.”

Kisha zikaja kompyuta. Mzabuni alileta mashine mpya pamoja na skrini kuukuu zilizofutwa vumbi zikang’aa. Waya wa skrini ulikuwa na pini tisa, na mahali pa skrini nyuma ya mashine pana matundu kumi na tano. Mzabuni hakuona shida. Pembeni palikuwa na mahali pengine pa pini tisa, akatoa kiunganishi kidogo chenye matundu pande zote mbili, waya ukaingia. Mama akakaa siku mbili na kijitabu cha maelezo na kamusi, kisha akakataa kupokea mzigo. Mkuu wetu alikuwa anasubiri wageni kutoka wizarani na alitaka skrini ziwake, kwa hiyo akaniita mimi, msomi, nikaamue. Shahada yangu ni ya historia. Nayajua vizuri mambo ya misafara ya pembe za ndovu, na hakuna hata moja kati yake linalopitisha umeme.

“Shikamoo mama. Kuna tatizo gani?”

“Marahaba. Hapa si njia ya picha. Hapa mashine inaongea na mashine nyingine.”

“Lakini pini tisa, matundu tisa.”

“Umehesabu vizuri, mdogo wangu. Sasa niambie ndani kinapita nini.”

“Mama, kikiingia kimekubali.”

“Chumvi na mbolea vyote vinaingia kwenye kijiko,” akasema. “Wewe ungekula ipi?”

Wenzangu walicheka, na walinicheka mimi. Hapo ndipo kompyuta zilipokoma kuwa jambo la kompyuta. Nilichukua fomu, nikatia sahihi mahali pake, nikachomeka waya kwa mkono wangu. Skrini ya kwanza ikabaki nyeusi. Nikasema inahitaji kupata moto kidogo, nikachomeka ya pili, na ya tatu. Moto zilipata. Ofisi nzima ikanuka plastiki iliyoungua. Baadaye sana fundi mmoja wa Mbeya alinieleza kwamba umeme unaotoka tundu lile ni mkali kuliko skrini zile zilivyoweza kupokea, na kwamba maelezo hayo yamo kwenye kijitabu.

Mzabuni alikwisha kwenda zake, na mkuu hawezi kukosea. Ikaandikwa ripoti kwamba vifaa viliungua kwa sababu ya unyevu wa bohari. Niliiandika mimi, kwa kuwa Kiswahili changu kilisifiwa. Mama aliisoma mpaka mwisho. “Umeandika vizuri,” akasema. “Bohari yangu ina unyevu tangu lini?” Nikatazama viatu vyangu. Orodha ya kupunguza wafanyakazi ilipotoka, jina lake lilikuwa juu kabisa. Mara mbili aliomba kutunza stoo za wafanyabiashara mjini, na mara zote mbili aliulizwa habari za kompyuta. Akarudi shambani.

Tuliambiwa soko huria litatuletea vitu vya kuchagua. Lilichotangulia kutuletea ni vitu vinavyofanana, na wakati huohuo tukawafukuza watu ambao kazi yao ilikuwa kujua tofauti. Tuliwaita wachelewesha maendeleo. Mpaka leo tunapokea mbegu, dawa na vyeti kwa kipimo kilekile changu cha kuingia tu, halafu tunapoungua tunatafuta mwanamke mwenye funguo za bohari.

Mazikoni binti wa marehemu alinijia mbele za watu. “Baba, wewe ulifanya kazi na mama. Ni kweli aliziunguza?” Watu wakasogea ili wasikie. Nikamwambia, “Hayo ni mambo ya zamani, mwanangu.” Nimeandika safu hii miaka mingi na sijawahi kutamka sentensi chafu kuliko hiyo.

Basi jibu lako hili hapa, binti, na ulipeleke Majengo duka kwa duka. Hapana. Niliziunguza mimi, na ripoti ni mkono wangu. Wenzangu mnaokaa kwenye kamati za kupokea vifaa, nina la kuwaambia moja tu. Akitokea mtu mmoja asiyetaka kutia sahihi, msitafute mwingine wa kutia. Mwulizeni ameona nini, mkae, msikilize mpaka amalize. Mimi niliyeuliza swali rahisi nilishindwa kusikiliza jibu mpaka mwisho, na mama yako, binti, amezikwa na kosa langu juu ya jina lake.