Siku Niliyosifia Pombe Ambayo Sikuinywa

Hapa Tunduma kuna watu wazima, wenye wake na wajukuu, ambao wakiniona napita wanafungua midomo kama vifaranga wanaosubiri mdudu, halafu wanacheka mpaka wanajishika viuno, na mimi napita zangu na fimbo yangu kama sijaona kitu. Aibu yangu wanaijua wote, kuanzia vijana wa kupakia mizigo kwenye foleni ya malori hadi akina mama wa Nakonde wanaovuka mpaka na ndoo zao kuja kusaga kwangu. Basi afadhali niisimulie mwenyewe, maana hao wengine wanaongeza chumvi, na yuko mmoja anasema siku ile nililia. Sikulia. Ulikuwa moshi.

Mimi ni mtu wa mashine. Shule niliishia darasa la tatu kule Msangano, mwalimu akasema kichwa changu kigumu, nami nikaona ni sawa tu, kichwa kigumu ndicho kinachobeba gunia. Nikasukuma mkokoteni mpakani, nikabeba mizigo ya watu, mwisho nikanunua mashine ya kusaga ambayo mwenyewe alishaitupa nyuma ya nyumba kuku wanatagia humo, nikaifungua bolti kwa bolti bila kufundishwa na mtu, nikaifunga, ikawaka. Ukutani nikaandikisha kwa rangi nyekundu UNGA LAINI, na kweli unga wangu ni laini, ukiushika unateleza vidoleni kama poda ya mtoto. Watu wakaniita Mzee Unga Laini, na jina hilo nililipenda kuliko lile alilonipa baba. (Sisemi kwa majivuno. Nasema kwa sababu ndilo lililoniponza.)

Kulikuwa na kundi moja tu la wateja lililoniudhi, nao ni akina mama wapika pombe. Wanaleta kimea chao, yaani ulezi uliolowekwa ukachipua ukaanikwa, halafu wanasema, mzee, tubadilishie wavu, weka wenye matundu makubwa, tunataka chengachenga. Wavu ni lile bati lenye matundu ndani ya mashine. Matundu madogo unga laini, matundu makubwa chenga. Nilikuwa nawakatalia. Nawaambia chengachenga hazitoki kwenye nyumba hii, anayezitaka akatwange kwenye kinu kama bibi yake. Wanabeba ndoo zao wanaenda kwa jirani, na mimi nasikitika kwa niaba yao kwamba kuna watu hawajui kitu kizuri.

Sasa mwanangu Lameki, fundi wa matairi, kijana mpole aliyechelewa kuoa mpaka mama yake akaanza kumwombea kanisani kwa jina, akampata Tusekile, binti wa Ikinga kule milimani Ileje. Mambo ya mahari yakazungumzwa yakaisha kwa amani. Likabaki moja. Baba wa binti, Mzee Kibona, akatuma neno kwamba watakuja kuuona ua wetu na watakunywa kimpumu kilichopikwa humo humo uani. Bia za chupa zipo hata kwao, hawawezi kushuka mlima kufuata chupa. Ukoo unaoweza kupika chungu kimoja ukakinywa na wageni, huo unapewa binti. Wakinywa, Tusekile ni wetu. Wasipokunywa, wanarudi naye.

Kimpumu kwa asiyekijua ni pombe ya ulezi inayoivia kwenye chungu ikiwa nzitonzito, karibu kavu, halafu wageni wakikaa mnaimiminia maji ya moto na kila mmoja anaingiza mrija wake mle mle, mnavuta pamoja. Ikipungua mnaongeza maji. Ni kinywaji cha watu wanaoaminiana, maana chungu ni kimoja.

Mke wangu, mama Lameki, zamani alikuwa anakipika mpaka watu wanatoka Mlowo kwa ajili yake. Lakini ameokoka. Nilipomweleza habari za Mzee Kibona akaniambia mikono yake alishainawa, hatakipika, hatakionja, ila kuni na maji atanipatia kwa sababu ya mtoto. Angalieni hapo mtu mwenye akili angefanya nini. Angeenda kwa mmojawapo wa wale akina mama wa chengachenga akaomba kufundishwa. Mimi nikasema moyoni, nimeifufua injini iliyokufa, itanishinda sufuria?

Basi nikaanza. Nikaloweka ulezi, nikaufunika kwa magunia mabichi, na ulipochipua, jamani, nilichuchumaa pale nikautazama kama mtu aliyezaa. Vijimizizi vyeupe, vimesukana, na harufu yake kama shamba baada ya mvua ya kwanza. Sikujua kama jambo hili ni zuri hivi. Miaka yote hiyo mke wangu alikuwa ana kitu hiki kwenye pembe ya jiko na mimi napita tu nauliza chakula. Nikaanika. Kikakauka. Nikakipeleka mashineni, nikamwondoa kila mtu, nikafunga wavu wangu wenye matundu madogo kuliko yote, nikakisaga mara mbili, na ule unga mwingine unaokaangwa ndipo uchanganywe na kimea nao nikausaga vivyo hivyo. Mzee Kibona ajue amekuja kwa nani.

Mama Lameki akapita nikiwa nachanganya. Akachukua kimea kidogo, akakisugua kati ya vidole, akanitazama, akakipuliza kikapeperuka, akaenda zake anaimba wimbo wa kwaya. Nikajua ameridhika na ulaini.

Siku ikafika. Wageni wakashuka kwenye gari yao, Mzee Kibona mbele na kofia yake ya heshima na shati jeupe limenyooshwa, nyuma wazee wawili, na shangazi wa binti, mama mmoja mfupi mwenye macho ya kuona mbali, anaitwa Tumpe. Tusekile akakaa naye kwenye mkeka. Lameki alisimama karibu na mlango akishika kitasa kama mlango ungekimbia. Chungu kipo katikati ya ua, kinanukia vizuri (hilo hata maadui zangu wanakubali), mama Lameki akaleta maji ya moto, nikamimina, nikakoroga, nikatulia.

Desturi ni kwamba mwenye nyumba anakunywa wa kwanza. Tunasema anatoa sumu, ili wageni waone kwamba kilichomo ni cha amani. Nikaingiza mrija, nikavuta. Hakuna. Nikavuta tena mpaka masikio yakaziba. Hakuna. Ule mrija una kichujio mwishoni, na unga wangu laini ulikuwa umekizingira kama sementi. Hapo ndipo nilipofanya uamuzi wangu mdogo. Ningesema tu, jamani, mrija umeziba. Badala yake, macho yote yananitazama, nikameza mate yangu, nikajipangusa mdomo, nikasema:

"Kimeiva."

Akaja Mzee Kibona. Akavuta, mashavu yakaingia ndani, mshipa ukasimama kwenye paji la uso. Akatulia. Mimi namtazama, naye ananitazama. Halafu mtu huyu muungwana, ambaye kwa heshima yake tu hakutaka kunivunjia mbele ya ukoo wake, naye akameza mate na kusema ni kitamu, kinafanana na cha mama yake. Wazee wawili wakafuata. Wa kwanza akasema kina nguvu. Wa pili akasema kimemshika miguu. Ndugu zangu, tulikaa pale wanaume wanne tunakisifia chungu ambacho hakijatoa hata tone, na kila mmoja anadhani mwenzake amepata.

Akaja shangazi Tumpe. Akavuta mara moja tu. Akautoa mrija, akautazama ncha, akaugonga kwenye goti.

"Kaka," akamwambia Mzee Kibona, "wewe umekunywa?"

Mzee Kibona akakohoa. "Nimeonja."

"Umeonja nini? Mrija mkavu kama fimbo ya kuchungia." Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe uliyetangulia, baba. Ulimeza nini?"

Bado nilikuwa na nafasi ya kusema kweli, mnaona. Lakini kiburi kikipanda ngazi hakishuki kwa ngazi ile ile. Nikasema ni mrija tu umeshikwa kidogo, ngoja niuzibue, na badala ya kuutoa nikauzibulie pembeni, nikaupuliza mle mle ndani, kwa pumzi yote ya mtu aliyesukuma mkokoteni ujana wake wote. Kupuliza kwenye chungu cha watu ni kama kuwatemea mate, hilo hata mtoto anajua. Na chungu kilikuwa cha moto, kimevimba, kimefunga juu kama uji ulioganda. Kikajibu. Donge zito likaruka, likatua kwenye kofia ya Mzee Kibona, na lingine likashuka polepole kwenye lile shati jeupe mpaka mfukoni.

Hakuna aliyecheka. Mzee Kibona alivua kofia, akaifuta kwa kitambaa taratibu, akaiweka gotini.

"Kwetu," akasema kwa sauti ya chini, "mwenye nyumba anayejifanya kunywa, ni kwa sababu anajua kilichomo."

Wale wazee wawili wakaanza kuchomoa mirija yao na kuifuta. Mkiona wageni wanafuta mirija, wanaondoka. Shangazi akamshika Tusekile mkono amwinue. Nikamtazama Lameki pale mlangoni, na sitaki kusema uso wake ulikuwaje.

Ndipo mama Lameki akatoka jikoni. Hakukimbia. Akapiga magoti mbele ya Mzee Kibona kama inavyopaswa, akasema:

"Mkwe, mume wangu hana sumu. Ana mashine."

Akaingiza mkono kwenye chungu alichoapa kutokigusa, akatoa tope langu, akampelekea shangazi Tumpe kiganjani. Shangazi akalisugua kati ya vidole, vile vile alivyofanya mke wangu siku ile, na nikaona uso wake unalegea. Akauliza, amesaga kimea kama uji wa mtoto mchanga? Mama Lameki akajibu, mara mbili. Wanawake wawili wasiojuana wakatazamana, wakanitazama mimi, na wakaanza kucheka kicheko cha tumboni, cha watu waliopika vyungu maisha yao yote.

Lakini Mzee Kibona hakuwa mtu wa kupelekwa na kicheko. Akasema mama ameeleza vizuri, ila baba bado hajanywa.

Nikaelewa. Nikaenda jikoni, nikachukua bakuli na kijiko, nikachota kutoka katikati ya chungu, nikala. Ndiyo, nilikula pombe. Kijiko kwa kijiko, chachu, moto, inashikana na kaakaa, nikala bakuli lote mbele ya wakwe zangu kama mgonjwa aliyeruhusiwa kurudi nyumbani. Nilipomaliza, shangazi akasogea.

"Fungua mdomo tuone."

Nikafungua. Mzee mwenye mvi, mwenye jina lake ukutani kwa rangi nyekundu, nimefungua mdomo kama mtoto wa kliniki, na Mzee Kibona akavaa miwani yake, akainama akachungulia ndani, upande huu, upande ule. Akavua miwani.

"Nimekwenda kwenye posa nyingi," akasema. "Hii ni ya kwanza kupewa kijiko." Akanyoosha mkono apewe bakuli.

Hapo ua ulipasuka kwa vicheko. Shangazi akaomba kung'uto, lile kapu la kuchujia, akavua viatu, akaanza kukiokoa chungu changu: anachota, anaminya, anachuja, anaonja, anaagiza maji, na mama Lameki anayachemsha na kumletea (akisema maji hayana dhambi). Niliwatazama wale wawili wanavyofanya kazi bila kuambizana kitu, huyu ananyoosha mkono na kile anachokitaka kipo tayari, nikawaza kwamba mashine yangu yenyewe haijawahi kukaa sawa namna ile. Kikapatikana kinywaji. Kikanywewa. Mzee Kibona akasimama na shati lake lenye doa akasema binti ametoka, yaani ni wetu. Na hapo ndipo mnaposikia habari za kulia. Moto ulikuwa karibu, upepo ulikuwa upande wangu.

Mengine nasimuliwa tu, maana pombe ukiila haikuagi. Inasemekana niliwaeleza wageni jinsi ya kufungua injini, bolti moja moja, kisha nikalala juu ya gunia.

Baadaye nilimuuliza mke wangu kwa nini hakuniambia, wakati aliushika ule unga na akajua. Akanijibu, akina mama wamekuambia pale mashineni mwaka hadi mwaka, mimi ningeongeza nini?

Siku hizi nyavu ziko mbili, zimening'inia ukutani chini ya lile jina. Mama yeyote akija na kimea simsubiri anisemeshe, nazima mashine, nabadilisha mwenyewe, na namuuliza apendavyo chenga zake. Shangazi Tumpe akishuka kumwona Tusekile ananifundisha, ananitukana kidogo, ananifundisha tena. Juzi nimepika tena, kwa mikono yangu, na mirija ya watu ilivuta bila kulalamika. Nimeapa kwamba neno "kimeiva" halitatoka tena kinywani mwangu kabla ya pombe kupita kooni. Desturi ikataka nitangulie, nikatangulia. Nikavuta, nikameza, na kabla hawajaniomba nikafungua mdomo.