Kicheko cha Mama Pacha

Chumba cha kufulia cha hospitali kimeshajaa mvuke na asubuhi bado mbichi. Mwanamke mmoja anatoa shuka kwenye mashine ya kukaushia, analikung'uta, kisha analikunja kwa kulibana na kidevu.

Shuka kubwa hukunjwa na watu wawili. Wenzake wanne wanakunja wawili wawili. Yeye, wanayemwita Mama Pacha, hakuna anayemshikia upande wa pili.

"Sijafukuzwa, wala sijasamehewa," anasema. "Hata sijui nilikosa nini."

Alipoanza kazi hapa miaka sita iliyopita, alipokewa na msimamizi, mtu wa makamo mwenye maneno ya kuchekesha. Ndiye aliyemfundisha mashine. Pacha wake walipougua, ndiye aliyemruhusu kuwahi nyumbani.

Alimwita "mke wangu". Naye akamjibu, "Mume gani hanunui hata chumvi?" Wote wakavunjika mbavu.

Kisha msimamizi akaanza kumsaidia kukunja.

"Mkikunja mnakutana uso kwa uso. Mwingine anakuachia ncha anarudi nyuma. Yeye alibaki, mkono unashuka kiunoni. Nikamtazama, anacheka. Na mimi nikacheka. Ilikuwa hofu, lakini nani angejua?"

Mwezi uliopita msimamizi alimfuata kwenye stoo ya mashuka, akafunga mlango, akamkumbatia kwa nguvu kutoka nyuma. Mama Pacha alijinasua na kupiga kelele. Msimamizi alishangaa kwelikweli.

"Mbona leo unajifanya mgeni? Si tunataniana kila siku?"

Maneno hayo, anasema, yalimuuma kuliko ile mikono. "Kwa sababu ni kweli, tulikuwa tunataniana."

Alishtaki. Ofisa aliyemsikiliza, mwanamke mwenzake, alimuuliza kama aliwahi kumkataza. Nyumbani mumewe naye akauliza kwa nini alikuwa anacheka.

"Nikamwambia, bosi wako akitania, wewe hununa? Akageuka, akalala. Mpaka leo sijui alinielewa au alichoka."

Msimamizi amesimamishwa kazi. Mfuaji mkongwe kuliko wote hafichi hasira yake. "Kwetu yule alikuwa baba. Ukifiwa, wa kwanza mlangoni ni yeye. Sasa tumeletewa mtu hata salamu haitiki. Utani tu huo, mwanangu!"

Mfuaji mwingine, msichana, anangoja mkongwe atoke. "Mimi pia alinishika," ananong'ona. "Nilidhani ni mimi tu nina kasoro. Lakini nikimsogelea Mama Pacha, hawa watanitenga."

Mtaani nako watu wanasema lisemwalo lipo. Lililo ndani ya Mama Pacha ni zito zaidi.

"Siku nyingine namkumbuka," anasema, akifuta jasho kwa kiganja. "Alinitendea wema. Basi ule wema ulikuwa wema, au alikuwa ananiandaa? Nikisema wema, najisaliti. Nikisema hila, naona kama namsingizia. Kichwa kinaniuma."

Wiki ijayo ataitwa mbele ya kamati ya nidhamu. Shangazi yake amemshauri akane kwamba aliwahi kucheka. Amekataa.

"Nitawaambia nilicheka, tena sana, mbele za watu. Halafu na mimi nitawauliza swali moja. Siku zote alinitania wenzangu wote wakisikia. Kama na siku ile ulikuwa utani, mlango aliufunga ili nani asicheke?"