Joka Lenye Sauti Yangu

Mwaka 1972, nikiwa na miaka kumi na moja, baba alikufa, na arobaini yake ilipokwisha shida ikaanza. Tulikuwa na shamba la migomba na michungwa juu huko Kinole na mimi nilidhani ni letu. Halikuwa letu. Kwetu Uluguru ardhi inafuata upande wa mama, kwa hiyo shamba alilolima baba lilikuwa la ukoo wa baba, na baba alipoondoka ukoo ukalidai. Mama akajitwika vyungu, sisi watoto tukakumbatia kuku, tukaenda kwa kaka zake.

Mkubwa wa ukoo wa mama alikuwa mjomba mmoja mwenye sauti laini kama samli. Sijawahi kumsikia akimfokea mtu, hata mbuzi. Ukifika kwake anakuambia, "Karibu mwanangu. Umechoka. Kaa. Umekula?" Ukishakaa na ukishakula, ndipo anakueleza kwa upole kwamba sehemu yako ni ile ya mawe. Utabisha vipi na mdomo umejaa ugali wake? Watu walimpelekea ugomvi wa mipaka, akawakaribisha wote, akawalisha wote, na walipoamka mpaka ulikuwa umehamia kwake. Alipokufa alikuwa na mlima mzima.

Mama alilima mawe. Mimi shule niliiacha darasa la tatu, nikawa nateremka na mkungu kichwani mpaka gulioni Mkuyuni. Baadaye nilifika mjini, nikauza ndizi, nikauza mchele wa watu, nikaanza kwenda Dakawa mwenyewe kununua mpunga mashambani, mpaka nikanunua mashine yangu ya kukobolea. Sikusaidiwa na mtu. Nikisaidiwa nitasema.

Sasa nije kwenye joka, maana hilo ndilo lililonifanya niandike.

Mjukuu wangu mmoja wa kike, ninayeitana naye mke mwenza kama ilivyo desturi ya bibi na mjukuu, amesomea kompyuta. Alipomaliza chuo hakutafuta kazi. Alikuja kwangu Kihonda akaniomba chumba cha uani, akaingia humo na kijana mwenzake mwembamba anayejua kuandika programu, wakaanza kutengeneza gemu. Mchezaji wa gemu hilo ni shujaa anayepanda mlima, njiani anaokota silaha na dawa, anasema na watu, anachagua la kufanya, na juu kabisa anakutana na joka. Joka hilo lina tamaa ya madaraka. Limezifunga chemchemi zote za mlima. Likishapata maji linataka mvua, likishapata mvua linataka moto wa majikoni, na mwisho linataka usingizi wa watu, ili hata kulala uende ukaombe ruhusa kwake.

Baba yake binti, ambaye ni mwanangu wa kwanza, ni mhasibu na hana subira. Alikuwa ameshamtafutia kazi ya mapokezi Dodoma. Wakati huo binti alikuwa amepata wageni kutoka Dar, watu wanaotoa fedha za kumalizia magemu, waliokubali kuja kuona kazi. Mwanangu akatoa hukumu mbele yangu: "Wakilichukua gemu lako, endelea. Wakiondoka bila kulichukua, Jumatatu inayofuata unapanda basi la Dodoma."

Binti akasema, "Sawa baba." Lakini nilimwona anavyoishika ile meza ya kompyuta, kama mtu anayeshika mlango wa nyumba yake.

Asubuhi moja nilikuwa napepeta mchele uani, nikasikia mtu ananguruma mle chumbani.

"Nani anaumwa humo?" niliuliza.

"Hakuna anayeumwa, bibi," mjukuu akajibu. "Ni joka."

"Joka gani linatapika hivyo?"

Alikuwa yule kijana mwembamba. Wamemwekea kinasa sauti mdomoni, amejifunika blanketi ili mwangwi usiingie, anatoa jasho. Wakanionyesha joka lenyewe kwenye kioo. Lilikuwa la kijani, na mabawa kama popo.

"Mabawa ni mambo yenu," nikawaambia. "Nyoka mkubwa aliyesimuliwa na wazee wetu, yule wa pangoni upande wa Matombo mwenye mvua yake, hakuhitaji kuruka. Watu walimfuata wenyewe. Lakini hili lenu ni dhaifu. Mwenye nguvu hapigi kelele. Anayepiga kelele ni mlinzi wake wa getini."

"Basi liseme vipi, bibi?" kijana akauliza, akifuta uso.

Nikaweka ungo chini, nikavuta kiti, nikamkumbuka mjomba. Nikasema pale kwenye kinasa sauti, taratibu, kama namkaribisha mgeni: "Karibu mwanangu. Umechoka. Kaa. Umekula?"

Kijana akatoka kwenye blanketi. Mjukuu akaniangalia.

"Mke mwenza," akasema, "nimeogopa."

"Ogopa. Hapo ndipo mjomba alipoanzia."

Nikasema maneno yote ya joka kwa sauti hiyo. Sehemu ya kuchukua mvua niliisema kama naomba chumvi kwa jirani. Walifurahi, na mimi nilifurahi, nikarudi kwenye mchele wangu nikijua nimewafanyia kazi.

Kumbe nimewaharibia.

Waliwaita vijana wa mtaa waje kulijaribu gemu kabla ya wageni. Wakaja, pikipiki zimejaa uani kwangu kama kuna harusi. Wa kwanza alipanda mlima vizuri, akaua fisi, akavuka mto, akafika kwa joka na upanga mkononi. Joka likamwambia, "Karibu mwanangu. Umechoka."

"Shikamoo," yule kijana akajibu. Akajibu kwa mdomo, anakiambia kioo.

Wenzake wakamcheka. Kwenye kioo yakatokea machaguo mawili, apige au akae. Akamkalisha shujaa wake. Joka likampokonya upanga kwa adabu zote, gemu likaisha.

"Ungepiga," mjukuu akamwambia.

"Nimpigeje, dada? Ananiuliza kama nimekula."

Wa pili akasema yeye si mjinga, yeye atapiga. Alipofika pale kidole kikagoma. Akakaa. Wa tatu, dereva wa bodaboda, mtu anayetukana matrafiki, alishika ile pedi ya kuchezea, akasikiliza, akaniangalia mimi nilipokaa, akairudisha mezani.

"Bi mkubwa, mimi naomba nisiendelee. Nina bibi yangu kule Mgeta."

Wote walishindwa namna hiyo. Mtoto aliyelelewa huku, ukimkaribisha kwa sauti ya mkubwa na kumwuliza chakula, hawezi kukuinulia upanga hata kama wewe ni mnyama wa kuchorwa mwenye mabawa. Sikuwa nimelifikiria hilo. Mimi mwenyewe mjomba sikumwinulia hata jicho.

Vijana walipoondoka, mwembamba akasema walirudishe joka la kunguruma. Mjukuu akasema la kunguruma halimwogopeshi mtu, wageni watapiga miayo. Kijana akasema heri miayo kuliko gemu lisiloshindika. Walibishana kwa sauti ya chini. Mimi nikawaambia kitu kimoja tu, kwamba sauti yangu haitolewi. Binti akakaa akitazama lile joka. Wageni walikuwa wanakuja wiki hiyohiyo.

Kesho yake alikuja jirani yangu fundi cherehani kuleta mapazia. Huyu mzee ni Mnyamwezi, na Wanyamwezi ni watani zetu. Asiyejua utani nimweleze kidogo: mtani anaruhusiwa kukutukana, kuchukua kuku wako, hata kuja msibani kwako na kumwigiza marehemu anavyotembea, na wewe hukasiriki. Ukikasirika umeaibika wewe. Akapita karibu na mlango wa chumba, na joka lilikuwa linasema kwenye kompyuta.

"Karibu mwanangu. Kaa. Umekula?"

Mzee akasimama. "Hiyo si sauti ya huyu mama wa mashine ya mpunga? Toka lini anakaribisha mtu chakula? Mimi nimemshonea mapazia miaka yote hii, naambulia maji ya bomba."

"Pita ndani uone uzuri wangu," nikamwambia.

Akaingia, akaliona joka, akacheka mpaka akashika mlango. Kisha akaliambia lile joka moja kwa moja: "We kikongwe, hayo mabawa umeazima kwa popo gani? Mrudishie, ana watoto. Haya, sogea, nakuja kuoga kwenye chemchemi yako. Tena nitaoga na sabuni."

Sikuvumilia. Nikamjibu kwa sauti ya joka: "Oga, mtani. Babu zako walitoka Tabora kwa miguu na mizigo ya watu kichwani, jasho lao mpaka leo halijakauka."

"Afadhali sisi tuliotembea. Ninyi mnalima ukutani. Mluguru akiteleza shambani kwake anaokotwa mtoni, jembe bado mkononi."

"Na Mnyamwezi akiokotwa mtoni, anaulizwa mzigo wa tajiri uko wapi."

Yule kijana mwembamba alikuwa amelala sakafuni kwa kicheko. Mjukuu hakucheka. Alikuwa anamtazama fundi, halafu mimi, halafu kioo.

"Babu," akamwambia fundi, "yeye akikukaribisha kwa upole, wewe kwa nini hukai?"

"Nikae kwa adabu kwa mtani wangu? Nitaambiwa mimi mgonjwa."

"Na ukimchukulia maji yake?"

"Atafanya nini? Atacheka tu. Mtani hana la kufanya."

Binti akavuta kiti. "Mke mwenza, babu, kaeni hapa wote wawili. Tukaneni upya tangu mwanzo."

Tukatukanana mpaka mchana, na chai niliwapa, ili fundi asipate la kusema. Wakatukata vipandevipande wakatuweka kwenye gemu. Sasa shujaa akifika juu anapata chaguo la tatu, kumtania. Akitania vizuri joka linalazimika kucheka, kwa sababu ndiyo desturi, na kila likicheka chemchemi moja inafunguka. Ukitania vibaya, yaani ukitukana tu bila ucheshi, linakukaribisha chakula na umekwisha.

Wageni walikuja wawili, mama mmoja mtu mzima mwenye miwani na bwana mmoja kijana asiyeisha kutazama simu. Mwanangu naye akaja, akakaa pembeni na shati lake la ofisini, mikono ameikunja. Mjukuu alivaa gauni la Idi. Alichomeka nyaya, akazichomoa, akazichomeka tena.

Yule mama akacheza. Alipanda mlima polepole, akafika kwa joka, likamkaribisha. Midomo yake ikacheza. Sikusikia sauti, lakini shikamoo naijua hata ikiwa haina sauti. Akakaa, akapokonywa upanga.

"Nimekufa?" akauliza.

"Umekaribishwa," mjukuu akasema.

Akarudia. Safari hii alilitazama lile chaguo la tatu kwa muda. Akalibonyeza. Sauti ya fundi ikatoka: "We kikongwe, hayo mabawa umeazima kwa popo gani?" Ndani ya joka mimi nikacheka, kicheko changu chenyewe cha sokoni, na maji yakaporomoka mlimani kwenye kioo. Yule mama akavua miwani. Akaendelea kutania mpaka chemchemi zote zikafunguka, na bwana kijana simu ilikuwa imeshaingia mfukoni.

"Lakini watu wa nje watauelewa huu utani?" bwana akauliza.

Mwanangu ndiye aliyejibu, sijui kilimsukuma nini. "Kila mtu ana mkubwa ambaye yeye hawezi kumpiga," akasema. "Nipe hiyo pedi."

Akacheza yeye. Alipofika juu, joka likamwambia, "Karibu mwanangu." Vidole vyake vikasimama. Yeye ni mwanangu wa kumzaa, utani nami hana. Akakaa. Akarudia, akakaa tena.

"Sauti hiyo ndiyo iliyonipeleka shule ya bweni," akawaambia wageni.

"Na ulifaulu," nikasema.

Yule mama mwenye miwani akacheka, akamwuliza binti wanahitaji muda gani kumaliza. Wakaliongelea hilo pale pale, na kabla ya chakula cha mchana walikuwa wamekubaliana kulichukua. Nikawauliza joka ni la nani. Bwana akasema ni la kampuni. Nikamwambia sauti ni yangu na haisainiwi na mtu mwingine, kwa hiyo ajibu tena. Akatazamana na mwenzake, akajibu tena. Waliondoka na mikungu ya ndizi kwenye buti, kwa sababu mgeni wangu haondoki mikono mitupu.

Mwanangu alitoka uani akapiga simu Dodoma. Nilisikia anawaambia ile nafasi wampe mwingine, binti yake ana kazi. Aliporudi aliisogeza meza ya kompyuta mbali na ukuta unaovuja, akaondoka.

Leo nina nyumba mbili Kihonda, moja nakaa na moja napangisha. Nina mashine mbili za kukobolea mpunga. Nina shamba Kinole, nililolinunua kwa hela yangu, lina migomba, mifenesi na mikarafuu. Nina pikipiki tatu zinazofanya kazi na moja mbovu. Nina nusu ya joka, imeandikwa. Nina ng'ombe wawili wa maziwa, na mmoja ana mimba.